Tupeni Lori la Kila Jumanne

Taja benki ya chakula mbele ya wafanyabiashara wa Nairobi, utajibiwa kwa methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asiyeikumbuka methali hiyo atakuambia usimpe mtu samaki, mfunze kuvua. Jibu hili nimelisikia kwenye harambee, kwenye vikao vya kanisa na kwenye redio za asubuhi, na kwa kurudiwarudiwa limekuwa kanuni. Chakula cha bure hulea uvivu, wanasema. Njaa ya kweli ni ya ukame, kule Turkana na Marsabit. Huku mjini undugu unatosha, na kampuni ikitaka kusaidia ingoje Ramadhani au Krismasi, inunue marobota ya unga, iyakabidhi mbele ya kamera. Naipinga rai hii kipande kwa kipande, maana wanaoilipia ni majirani zangu, na wanailipia kwa kulala njaa.

Tuanze na hilo jembe. Mama mboga wa mtaa wa Mukuru anatoka nyumbani saa tisa usiku ili awahi soko la Marikiti kabla madalali hawajamaliza sukuma wiki nzuri. Kunapopambazuka amekwisha kurudi, anapanga meza. Saa mbili usiku bado ameketi hapo na kisu, anawakatia wateja mboga za shilingi ishirini. Mwanamume wa nyumba jirani amesimama langoni mwa kiwanda Industrial Area tangu alfajiri, akingoja msimamizi atoke aite vibarua. Wakiitwa wachache, waliobaki hurudi kwa miguu. Methali ile ilitungwa na watu wenye mashamba, na mwenyeji aliyemkabidhi mgeni jembe alikuwa na konde la kumwonyesha. Hawa wa kwetu jembe wamelishika miaka yote. Konde ndilo halitoshi, na siku likikosa kuzaa, watoto hawawezi kuambiwa wangoje msimu.

Hata hiyo dhana ya uvivu imekwisha kupimwa, tena hapa hapa Kenya. Shirika la GiveDirectly limekuwa likiwatumia wanavijiji wa Siaya na Bomet pesa kwa simu bila masharti, wengine wakiahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12. Wachumi waliowafuatilia, akiwemo Abhijit Banerjee aliyetunukiwa Nobel mwaka 2019, waliangalia kama watu wataacha kazi. Hawakuacha. Baadhi yao walipunguza vibarua kwa watu wakaanzisha vibiashara vyao wenyewe. Najua pesa si unga. Lakini hoja ya uvivu haibagui kati ya hivyo viwili. Inadai kwamba binadamu akihakikishiwa cha kesho atajilaza. Ushahidi wa Siaya na Bomet ni kwamba akihakikishiwa cha kesho huthubutu. Mtu asiyejua watoto watakula nini jioni hukubali kibarua chochote kwa malipo yoyote, na hapo ndipo anapokwama.

Wapo wanaosema benki ya chakula yenyewe ni jambo la kigeni. Hao nawaomba wasimame Makindu, kwenye barabara ya Mombasa, katika hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926. Anayeingia huvua viatu, hufunika kichwa, huketi na kupewa chapati, dengu na chai. Dereva wa lori huketi karibu na mwenye gari la kifahari, na hakuna anayeulizwa dini yake wala kipato chake. Ukimaliza unapeleka sahani yako mwenyewe. Vizazi vimepita na chakula kingali kinapikwa, na Makindu haijawa mji wa wavivu. Siri yake ni utaratibu: jiko halifungwi kwa kuwa sikukuu imepita, na wanaochangia huchangia mwaka mzima. Misikiti yetu inajua kufanya hivyo kwa siku 30 za Ramadhani, na inafanya vizuri sana. Ninachodai ni hizo siku nyingine zilizobaki.

Na kama tunataka kwenda ugenini kutafuta asili, twende hadi mwanzo wake. Benki ya kwanza ya chakula ilianza Phoenix, Arizona, mwaka 1967. Mwanzilishi wake, John van Hengel, alikuwa akijitolea katika jiko la kulisha maskini alipokutana na mama aliyewalisha watoto wake kumi kwa vyakula vilivyotupwa nyuma ya duka kubwa. Mama huyo ndiye aliyesema pangefaa pawe na mahali pa kuwekea chakula kama benki inavyoweka pesa, mwenye nacho aweke, mwenye haja atoe. Parokia ya St. Mary's ikampa van Hengel kiwanda cha mikate kilichoachwa, pamoja na dola 3,000. Wazo lilizaliwa na mzazi aliyekuwa akihangaika kila siku kulisha familia. Anayesema benki hizi zilibuniwa na matajiri ili kuwadekeza maskini amekosea hata historia.

Hoja inayofuata huwa nzito zaidi masikioni: nchi yetu haina ziada ya kugawa. Februari 2013, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliwaandalia mawaziri na wajumbe mamia karamu katika makao yake ya Gigiri, Nairobi. Chakula kilichopikwa kilitokana na karibu kilo 1,600 za matunda na mboga za wakulima wa Kenya ambazo soko lilizikataa. Hazikuwa zimeoza. Wanunuzi wa Ulaya wanataka mishiri iwe mirefu kwa kipimo fulani, iwe imenyooka, iwe na unene ule ule; ukipinda kidogo, mkulima amekwisha. Mawaziri walikula, wakashiba, na kilichobaki kikapelekwa kwa wenye shida. Chakula kilichofaa kwa waziri kingeweza kufaa shule ya Mathare wiki iliyotangulia, na wiki iliyofuata pia. Food Banking Kenya, iliyoanza 2017, imejenga kazi yake juu ya ukweli huo: inakusanya mboga na matunda mashambani na sokoni, inayafikisha shuleni na kwenye vituo vya watoto. Ziada ipo. Haikutani na mlaji.

Kwa nini haikutani naye? Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo wafadhili wengi wanapokosea. Tazama kreti moja ya nyanya. Imetoka Kirinyaga usiku, imepangwa juu ya nyingine ndani ya lori, na njia nzima inaruka na mashimo. Ikishushwa soko la Wakulima alfajiri, nyanya za juu zinang'aa na za chini zimeanza kutoa maji. Mama mwenye mzigo anazichambua kwa mkono, nzuri huku, laini kule. Kufikia saa nne bei ni ile aliyoitarajia. Saa nane jua limeshika, wanunuzi wa mikahawa wamekwenda zao, na zile laini anaziuza kwa bei ya kutupa kwa wenye vibanda. Jioni kilichobaki, ambacho bado kingetosha kupika mchuzi wa watoto mia, kinamwagwa kwenye lundo la taka pamoja na maganda ya mahindi na majani ya kabichi. Mama huyo hana ubadhirifu hata chembe. Amekwisha kulipa usafiri wa kuja, amelipa ushuru wa kaunti, amelipa wapakuzi. Kuzibeba nyanya hizo tena kungemtaka alipe mkokoteni, na hana. Kutoka hapo hadi sufuria za Mukuru ni kilomita zisizofika kumi.

Kwa hiyo mwenye kampuni anaponiuliza anunue chakula gani alete, huwa namwomba asinunue chochote kwanza. Chakula ndicho kinachotupungukia kidogo kuliko vingine vyote. Tunapungukiwa lori la kila Jumanne, mafuta ya lori hilo, kreti za plastiki zisizoponda nyanya, chumba baridi cha kulaza mzigo usiku mmoja, na mtu wa kupokea simu saa nane mchana mfanyabiashara anapokuwa na nusu saa ya kuamua.

Linganisha na msaada tuliouzoea. Nimekaa upande wa kupokea, katika kituo kinacholisha watoto wa shule, nikaona kampuni moja ikileta unga wiki ya mwisho kabla ya Krismasi. Magari manne, bendera, mpiga picha, hotuba mbili. Watoto walipangwa mstari juani, wakafundishwa kupiga makofi. Unga ulikuwa umebakiza majuma machache kufikia tarehe yake, na shule zilikuwa zimefungwa. Tulihangaika kuutafutia pa kuuweka mahali pasipovuja. Februari ilipofika, karo zimewamaliza wazazi na watoto wanakuja darasani bila kunywa hata chai, hapakuwa na kitu ghalani. Sina shaka kwamba waliotuletea walikuwa na nia njema. Nia njema yao ilifuata kalenda yao, na njaa ya watoto ilifuata kalenda nyingine.

Ugawaji wa ghafla una hatari kubwa kuliko hiyo. Tarehe 10 Aprili 2020, corona ilipokuwa imefunga vibarua vya watu, wakazi wa Kibera walikanyagana wakigombea msaada uliokuwa ukigawiwa karibu na ofisi za utawala. Polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi, watu wakaumia. Baadaye wengine walisema maskini hawana subira. Mtu anayejua kwamba Jumanne ijayo lori litakuja, na Jumanne itakayofuata pia, hana sababu ya kukanyaga mwenzake leo. Fujo ile ilitokana na chakula kilichokuja mara moja, bila orodha, bila ahadi ya kesho.

Kuna msemo mwingine unaonikera kuliko yote, kwamba mwenye njaa hachagui. Mwaka 2004 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu 125, hasa katika eneo la Makueni na Kitui. Walikula walichokuwa nacho. Ndiyo maana benki ya chakula inayojua kazi yake hukataa michango. Inapima unyevu wa mahindi, inakagua makopo, inarudisha mzigo unaotia shaka, hata kama aliyeuleta ni mtu mkubwa. Kampuni inayotaka kujiondolea bidhaa zilizoharibika isituchanganye na jaa. Kipimo ni rahisi: chakula usichoweza kuwapikia wanao usituletee.

Basi wenye biashara watoe nini? Kila mmoja atoe kile anachokifanya kila siku. Kampuni ya usafirishaji inayopeleka saruji au soda mashambani hurudi na lori tupu. Safari moja ya kurudi kwa wiki kupitia kituo cha kupakia mboga haimgharimu sana mwenyewe, nasi inatuletea tani. Mwenye chumba baridi cha maua au nyama atupe kona yake usiku wa Jumatatu. Supermaketi ichague siku mbili za wiki na mlango mmoja wa nyuma, iweke mtu mwenye mamlaka ya kutia saini, na mikate ya jana itoke kabla haijawa ya juzi. Ufaransa iliyafanya haya kuwa sheria mwaka 2016: maduka makubwa yenye zaidi ya mita 400 za mraba yanatakiwa kuwa na mkataba na mashirika ya kugawa chakula, na hayaruhusiwi kukiharibu makusudi chakula kinacholika. Mkataba kama huo hauhitaji Bunge letu lipige kura. Meneja na kamati ya jiko wanaweza kuuandika ukurasa mmoja leo jioni.

Mhasibu atoe siku moja kwa mwezi atupangie vitabu, maana benki ya chakula isiyo na hesabu safi haimalizi mwaka wa pili. Fundi wa friji atukarabatie kompresa. Hoteli inayopika bufee itupe wali ambao haujafika mezani, ukiwa bado moto na kwenye vyombo vyenye vifuniko. Uliokwisha kuguswa na wageni ibaki nao.

Halafu pesa, tena pesa za mambo yasiyopigwa picha. Hakuna mfadhili anayetaka jina lake liandikwe kwenye dizeli. Mwaka 2011, katika kampeni ya Kenyans for Kenya, wananchi walituma michango kwa M-Pesa kwa ajili ya walioathirika na ukame, na lengo la kwanza la shilingi milioni 500 likavukwa. Wapo waliotuma shilingi kumi. Nani anaweza kusema Mkenya hatoi? Anatoa akiombwa wazi na akijua pesa zinakwenda wapi. Chama cha akina mama wa mtaa mmoja kikiamua kila mwanachama aongeze shilingi ishirini kwa wiki juu ya mchango wa kawaida, dizeli ya Jumanne imepatikana bila kungoja kampuni yoyote.

Nimefika kwa jamii, na hapa nina ugomvi na wale wanaosema undugu unatosha. Undugu wetu ni mkubwa, lakini mjini ndugu wa mwenye njaa mara nyingi naye ana njaa. Mpangaji aliyefutwa kazi anakopa unga kwa jirani ambaye mshahara wake umechelewa. Wote wawili wanadaiwa na duka moja. Undugu wa namna hii unahitaji kitu cha kuushikilia kutoka nje ya nyumba hizo mbili. Lakini undugu una jambo ambalo kampuni haiwezi kulinunua: unajua. Unajua nyumba ipi imeacha kuwasha jiko jioni, mzee yupi anajifungia kwa aibu, mtoto yupi anaweka nusu ya chakula chake cha shule mfukoni ampelekee mdogo wake. Tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Hao pamoja na maimamu, makasisi na mama wa chama wakiketi meza moja na orodha, hatutahitaji diwani wala chifu kuamua nani anakula. Orodha isomwe mbele ya watu wasio wa ukoo mmoja, ibadilishwe kila baada ya miezi mitatu, na mwanasiasa asiiguse.

Na aibu iheshimiwe. Katika mpango wa Dishi na County ulioanza Nairobi mwaka 2023 kwa ushirikiano wa kaunti na shirika la Food4Education, mzazi hulipa shilingi tano kwa mlo wa mtoto, kilichobaki hulipwa na wenye mpango. Mtoto huweka bangili yake kwenye kifaa, anapokea sahani, anakwenda kula. Hakuna anayejua nani kwao kuna uwezo na nani kwao hakuna. Shilingi tano hazilipi wali na maharagwe, lakini zinamfanya mzazi awe mteja anayeweza kulalamika chakula kikiwa kibichi. Benki za chakula zijifunze hapo. Anayetaka kuchangia kwa kuchambua nyanya asubuhi achambue. Asiyeweza, apewe bila kuulizwa mara mbili.

Imebaki hoja moja ambayo naiheshimu, nayo haitoki kwa wenye methali. Inatoka kwa wanaharakati wa haki: kwamba benki za chakula huwapa serikali na waajiri mahali pa kujificha. Uingereza ni onyo. Shirika la Trussell lilifungua benki yake ya kwanza ya chakula Salisbury mwaka 2000. Katika mwaka ulioishia Machi 2024 mtandao wake uligawa vifurushi zaidi ya milioni 3 katika nchi tajiri, na baadhi ya waliovipokea ni watu wenye kazi. Jiko la dharura limekuwa la kudumu, na walioko madarakani wamelizoea.

Nakubali hatari hiyo. Sikubali kwamba dawa yake ni kuacha nyanya zioze Wakulima. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na kina nguvu pale panapokuwa na watu waliohesabu. Benki ya chakula yenye vitabu vizuri inajua ni nyumba ngapi zilikuja mwezi huu, kiwanda kipi kilichelewesha mishahara wiki ambayo foleni ilirefuka, shule ipi haina jiko. Hesabu hizo zipelekwe kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, ambako wananchi wana haki ya kusikilizwa. Wizara ikizitaka, ipewe. Tukikataa kugawa chakula ili kuiaibisha serikali, atakayeaibika na kukonda ni mtoto.

Na mwajiri naye asijifiche. Kamati ya jiko ikipokea lori la kampuni, iwe na ujasiri wa kuuliza vibarua wa kampuni hiyo wanalipwa siku gani. Nimeona wapakiaji wa ghala wakishusha marobota ya msaada ambayo wao wenyewe wangeyahitaji nyumbani. Mkurugenzi anayetaka kupigana na njaa mtaani kwetu aanze na mishahara ya hao wapakiaji, ilipwe kwa wakati. Kisha aje tuandike mkataba: saa, mlango, kreti, chumba baridi, na nani analipia dizeli ya Jumanne.